Nyota za Zuhura na Fundi Adelard Msabila

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Serikali yetu ya Mtaa, wanajumuiya wa Mtakatifu Yosefu, mashehe na majirani zetu wa Temeke Mikoroshini, mafundi wa Keko, na ninyi watani zetu Wazaramo ambao tangu juzi hamjatuacha tulie tukamaliza, nawasalimu wote kwa unyenyekevu. Mimi ni Isack Msabila, mdogo wake marehemu, niliyekuwa karani kule Ukonga hadi nilipostaafu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya kaka yangu, kazi ambayo nimewafanyia wafiwa wengine mara nyingi bila kukwama, lakini leo naomba mnivumilie, kwa sababu ndani yake kuna jambo la aibu, na marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka lisomwe.

Marehemu Adelard Msabila alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, Ndala, wilaya ya Nzega, huko Unyamwezini, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Kasubi Msabila, aliyekuwa mchonga mizinga ya nyuki, na Mama Yustina, ambao wote wawili wametutangulia, akabatizwa Misheni ya Ndala mwezi uliofuata, na alipopata akili alikuwa akimfuata baba porini na kishoka chake kidogo, akichonga mizinga ambayo hakuna nyuki aliyekubali kuingia. Baba yetu hakuwa mtu wa kusifu, ukimletea mzinga mzuri anaugeuza, anautazama, anauweka chini, na nadhani njaa ya sifa aliyokuwa nayo kaka yangu ilianzia pale, maana alipenda kusifiwa kuliko mtu yeyote niliyemjua, nalisema hili nikiwa nampenda.

Alianza shule ya msingi Ndala mwaka 1949, akaendelea na shule ya kati hadi mwaka 1956, kisha akachaguliwa kwenda Shule ya Ufundi Ifunda, Iringa, kuanzia mwaka 1957 hadi mwaka 1960, ambako alijifunza useremala, akarudi nyumbani na cheti, randa, na koti la baridi ambalo alilivaa Tabora mchana kweupe ili watu wamuulize ametoka wapi. Mwaka 1961, mwezi Oktoba, alifika Dar es Salaam akaajiriwa karakana ya serikali, akatengeneza madawati, makabati na milango ya ofisi ambayo mingine hadi leo inafunguka bila kulia.

Kwa kawaida kazi humalizwa kwanza ndipo ndoa ikafuata, lakini naomba niivute ndoa mbele, kwa sababu bila mke wake habari ya kazi haitaeleweka. Tarehe 20 Julai 1968 marehemu alifunga ndoa takatifu na Bibi Genoveva, muuguzi, ambaye ndiye huyu mjane aliyekaa mbele yetu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Gaspar aliyezaliwa mwaka 1969, Vaileth mwaka 1972, na Albano mwaka 1974. Walipanga vyumba viwili hapahapa Mikoroshini, katika nyumba ya marehemu Bwana Talha, mfanyabiashara wa redio na taa, Mwislamu wa pwani aliyewapokea watu wa bara kama ndugu wa tumbo moja, na binti yake Bwana Talha, Rukaiya, aliyezaliwa mwaka mmoja na Gaspar wetu, alikuwa akila ugali kwao mchana na kwetu jioni.

Mwaka huo huo wa 1974, miezi michache baada ya Albano kuzaliwa, marehemu alipata kazi Unguja, ambako televisheni ilikuwa imeanza, tena ya rangi, wakati sisi wa bara hatukuwa na hata ya rangi moja, akawa fundi wa kutengeneza mandhari ya michezo ya kuigiza, akaenda peke yake, familia ikabaki Temeke. Mwezi Juni 1977 kikundi kimoja cha maigizo kilianza mchezo ulioitwa Kijiji cha Zuhura, ambao ulirushwa kila Alhamisi jioni hadi Februari 1978, ukieleza habari za Watanzania ambao ifikapo mwaka 2000 watahamia sayari ya Zuhura, wafungue kijiji, wachimbe kisima, na wagawane maji kwa kata moja ya kifuu, na vyombo vyote vya safari hiyo alivitengeneza kaka yangu, chombo cha angani kilikuwa tangi la maji lililolazwa ubavu, mavazi ni magunia ya unga yaliyopakwa rangi ya fedha, na kofia ya Nahodha ni sufuria iliyotobolewa. Siku ya mchezo wa pili, mwigizaji wa Nahodha aliamka na malaria, na kwa kuwa mchezo ulikwenda hewani moja kwa moja bila kurekodiwa, kilichotoka kimetoka, wakamtafuta mtu anayejua maneno, wakamkuta fundi Adelard aliyekuwa ameyasikia yote huku akigongomea misumari, akavikwa sufuria, na tangu siku hiyo hadi mwisho Nahodha alikuwa yeye, na lafudhi yake ya Tabora ikawachekesha Waunguja kwa muda tu, baadaye wakaizoea.

Huku kwetu televisheni zilikuwa za kuhesabika, na mwenye nayo aliitunza kimyakimya, lakini Bwana Talha alikuwa ameleta moja kutoka Unguja, imo ndani ya kabati lenye milango na kufuli, na aliposikia kuwa mpangaji wake anaonekana humo ndani, akainua antena juu ya boriti mbili zilizounganishwa, akawa anafungua kabati uani kila Alhamisi, kwa ajili ya mchezo huo tu, majirani wote waje wamtazame fundi wao, na siku nyingine funguo alikaa nazo mwenyewe, hata watoto wake hawakutazama. Wengi wenu mliopo hapa mlikaa kwenye mikeka ile, na mnakumbuka mlichokiona, Nahodha anatembea katika nchi ya Zuhura huku nyota ndogondogo, nyekundu, kijani na buluu, zinamwangukia mabegani bila kuisha, watoto wananyoosha mikono wazidake, watu wazima wanasema Subhanallah, na Rukaiya, mtoto wa miaka minane, anakatazwa na baba yake asiguse kioo.

Pasaka ya mwaka 1978 marehemu alikuja likizo, na mke wake, aliyekuwa hajamwona kwa muda mrefu, alimpokea kwa maneno ambayo Bibi Genoveva ameniruhusu niyasome kama yalivyo, alimwambia, "Baba Gaspar, zile nyota zilivyokuwa zinakuangukia, mie nilisahau kama ni wewe unayekoromaga humu ndani." Kaka yangu hakuelewa, kwa sababu kule studio hapakuwa na nyota hata moja, palikuwa na kitambaa cheusi na taa nyuma yake, basi, lakini mwanamume aliyekaa mbali na nyumba yake miaka minne akisikia neno kama lile kutoka kwa mke wake hana nguvu ya kulikataa, akacheka, akasema ndiyo kazi ya ufundi hiyo, na uongo ukaanza hivyo, chumbani, kwa mapenzi.

Alirudi Dar es Salaam moja kwa moja mwaka 1981, akafungua karakana ya samani Keko, na wiki ya kwanza Bwana Talha akamwalika ndani watazame taarifa ya habari, wawili tu, na kabati lilipofunguliwa kaka yangu akamwona msomaji wa habari, dada wa watu aliyevaa mtandio, nyota nyekundu, kijani na buluu zinamwangukia usoni wakati anasoma bei ya karafuu. Bwana Talha akaona haya, akapanda juu kuigeuza antena, akashuka akasema, "Niwie radhi fundi, picha ikivuka bahari inafika imejaa chenga, ndizo zilizokuwa zikikuharibia mchezo wako." Hapo marehemu akaelewa kila kitu, kwamba nyota zile zilikuwa chenga za televisheni ya Bwana Talha, kwamba watu wa Mikoroshini hawajawahi kutazama kitu kingine kwenye kioo kile ili walinganishe, na kwamba sifa zote alizokuwa akipewa ni sifa za antena iliyofungwa kwa kamba, na hakusema neno. Bwana Talha naye, ambaye bila shaka alikuwa amekwisha kusikia watu wakizisifu nyota za fundi, hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu alikuwa mstaarabu na hakutaka kumvua mgeni wake nguo mbele za watu, akakaa na siri hiyo hadi Mungu alipomchukua mwaka 1991.

Miaka michache baada ya jioni ile ya taarifa ya habari, ndugu zangu, ilikuja ruksa ya biashara, maduka yakajaa, televisheni zikaanza kushuka bandarini na kupakiwa kwenye mikokoteni, vibanda vya video vikafunguliwa hadi Gongo la Mboto, na kila mtu alipoona mambo ya angani ya Wazungu alisema hayafikii ya fundi Adelard. Kaka yangu akawa mtu wa kuketishwa mbele kwenye mahafali na harusi, wageni kutoka Vingunguti wakaja Keko si kununua kitanda bali kumsalimia Nahodha, nyota zile kwenye midomo ya watu zikakua, zikawa za dhahabu, zikawa na ukubwa wa sahani, na alipoulizwa alizitengenezaje alijibu kwa maneno mawili, siri ya ufundi. Wengi wa waliokuwa wakimuuliza walikuwa na chenga nyumbani kwao, wakizitukana na kuzipiga makofi, na hakuna aliyefikiri kwamba zile za zamani na hizi zao ni ndugu.

Vituo vya televisheni vilipoanza hapa bara, Rukaiya binti Talha, ambaye alikuwa amesomea utangazaji, alipata kazi katika kimojawapo, ambacho familia imeona kisitajwe, akawa mtayarishaji wa vipindi, na jambo la kwanza aliloliomba kwa wakubwa wake ni kuurudia mchezo wa Kijiji cha Zuhura, kwa sababu haukurekodiwa, na kizazi chake kitazeeka kikisimulia kitu ambacho watoto wao hawatakiona. Mimi nilimwambia kaka asikubali, nikamwambia kwamba kiporo cha jana ni kitamu, pengine kuliko chakula cha moto, lakini kiporo cha miaka kumi na minane ni sumu, na kwamba mwaka 2000 wenyewe ulikuwa unabisha hodi na hakuna mtu wa Temeke aliyekuwa amehamia hata Kigamboni, sembuse Zuhura, naye akanijibu kwamba mimi ni karani na sijawahi kupigiwa makofi. Alisema kweli, sijawahi.

Tarehe 17 Agosti 1995 kikafanyika kikao pale kituoni, na humo alikuwamo Bwana Khalfani, mpiga picha mzee kutoka Unguja, ambaye ndiye aliyeshika kamera mwaka 1977, na Rukaiya alipoeleza habari za nyota, Bwana Khalfani akasema kwa upole kwamba yeye hakuzipiga picha nyota zozote, labda zilikuwa chenga, na wakubwa wakaanza kutabasamu. Rukaiya akasema hapana, kwetu Temeke tuliziona sote, mwenye kuzitengeneza huyu hapa, muulizeni, akamgeukia marehemu kama mtoto anavyomgeukia baba yake, na kaka yangu, ambaye katika chumba kile ndiye mtu pekee aliyejua kwamba Khalfani anasema kweli na Rukaiya anasema kweli, alifungua kinywa chake akadanganya. Alisema ilikuwa kazi yake, kwamba alikuwa akisaga ulanga, yale mawe yanayometameta yanayochimbwa Morogoro, akimpandisha kijana mmoja darini auchekeche juu yake na waigizaji wenzake wakati mpiga picha hatazami juu, na kwamba sasa atapanda yeye mwenyewe, afanye vizuri zaidi.

Ulanga ukaletwa kwa magunia, ukasagwa, kaka yangu akapanda darini na chekeche, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne na kisukari chake, akachekecha. Mwezi mzima uliokuwa wa kufundisha waigizaji ukaishia kwenye ulanga, sehemu ya kugawana maji, ambayo ndiyo iliyokuwa roho ya mchezo, ikafupishwa ikawa ya dakika mbili, mwaka 2000 ukasogezwa ukawa 2050, na kwa kuwa mfadhili alikuwa kiwanda cha magodoro, wanakijiji wa Zuhura, ambao zamani walilala kwenye mikeka, sasa walionekana kila wiki wakilala kwenye magodoro mapya yenye maua. Jumamosi ya tarehe 13 Januari 1996 mchezo ulirushwa, picha safi kabisa, bila chenga hata moja, Temeke nzima imekaa inangoja, na watu wakaona kwa mara ya kwanza maandishi ya kiwanda cha unga yakipenya chini ya rangi ya fedha, wakaona matundu ya mpini wa sufuria, wakaona vumbi jeupe linadondoka kwenye vichwa vya watu wazima, na kabla Nahodha mpya hajamaliza salamu zake mama mmoja wa Mtoni akasema, "Jamani, hawa mbona wanachekechewa unga?" Huo ndio ukawa mwisho wa Zuhura, maana neno hilo lilifika sokoni Tandika kabla ya kipindi kwisha.

Mchezo ulisimamishwa baada ya wiki sita, mfadhili akaondoa magodoro yake, na Rukaiya akaitwa ajieleze, akakumbushwa kwamba Bwana Khalfani alionya, akaambiwa kwamba ameleta hadithi za uani kwenye kazi ya kitaalamu, kwamba hapakuwa na nyota, na kwamba labda hata hiyo televisheni ya baba yake haikuwepo. Alimtumia kaka yangu ujumbe mara mbili aende akamsaidie kueleza, kaka akajibu mara zote mbili kwamba anaumwa, na siku zote mbili alikuwa Keko anapiga randa. Mwezi Machi 1996 Rukaiya aliachishwa kazi, akafungua duka la kukodisha kanda za video Tandika, ambalo analo hadi leo, na watu waliokuwa wakimwamini, hata wale waliokaa kwenye mikeka ile na sasa wanaona haya kukiri walichokiona, walianza kumwita Binti Nyota, tena mbele yake, na yeye mwenyewe, kama alivyomwambia Vaileth wetu, alifika mahali akaamini kwamba hakuona kitu, kwamba alikuwa mtoto muongo aliyekua akawa mtu mzima muongo. Wakati huo wote alikuwa akija nyumbani kwetu kila Idi na sahani ya biriani, na kaka yangu alikuwa akiila.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 1993, mwaka 1997 mwezi Novemba alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na tarehe 2 Juni 1998 alilazwa tena, akiwa na matatizo ya figo, na ni katika wodi hiyo, siku moja mchana nilipompelekea uji, aliponieleza haya yote kuanzia mwanzo, bila kulia, huku akitazama ukuta. Nilimuuliza, kwa ukali, kwa sababu mimi ni mkali, kama sasa anakubali kwamba haikufaa kuurudia mchezo ule, nikitegemea angalau nishinde hapo, lakini alisema hapana, kurudia kulikuwa jambo jema, kitu ambacho watu wanakipenda na hakikuhifadhiwa kinastahili kutengenezwa upya, kosa lake ni kwamba aliacha kurudia kilichokuwa chake, yale maji ya kata moja, yale maneno aliyoyajua kwa moyo, akahangaika kurudia sifa, ambazo hazikuwa zake tangu mwanzo. Alisema watu wa Temeke hawakuwa na haja ya nyota, walikuwa na haja ya kukaa tena pamoja pale uani, na angewaambia ukweli wangecheka siku moja, kisha wangeutazama mchezo. Kisha akaniomba niliandike jambo hili katika historia yake, mahali pake, pamoja na tarehe zake, na akasema nisipoandika, nimzike bila historia.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 8 Julai 1998, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono.

Sitawaficha kwamba familia haikutaka kusoma haya. Gaspar alisema baba yake amekwisha kuchekwa vya kutosha akiwa hai, Albano akasema atatoka nje nikifika hapo, nami mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuandika karatasi nyingine, nzuri, fupi, ambayo ndani yake Unguja ilipewa mstari mmoja. Jana alasiri watani zetu walifika kufanya kazi yao, na utani ni haki yao, hatuna ugomvi, mtani wetu Bakari akavaa sufuria kichwani akazuia mlango akidai Nahodha hatoki bila kulipiwa, tukacheka na machozi yetu, lakini dada mmoja alipochukua chekeche la jikoni akaanza kumchekechea Bakari unga, nilimwona Rukaiya, aliyekuwa ameshinda anamenya vitunguu kwa ajili ya msiba wetu, akiweka kisu chini na kuondoka kupitia mlango wa nyuma. Bibi Genoveva naye alimwona. Jioni akatuita ndani, akasema, "Someni. Mie nilimwambia yale maneno ya Pasaka, nikamfurahisha, akayabeba hadi yakamvunja, na mtoto wa watu akavunjika naye. Mkinionea haya mie, nani atamwonea haya yule?" Karatasi yangu nzuri nikaichana.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu tangu alipokatwa mguu hadi pumzi yake ya mwisho, ambao walimvumilia hata alipowasahihisha jinsi ya kutengeneza magongo, tunawashukuru majirani wa Mikoroshini mliotuazima viti, maturubai na masufuria, wanajumuiya wa Mtakatifu Yosefu kwa sala na michango, mafundi wa Keko ambao mlikesha mkitengeneza jeneza hili na mkakataa kulipwa hata pesa ya misumari, watani zetu, pamoja na unga wenu, na Bwana Khalfani, ambaye aliposikia habari za msiba alipanda boti ya kwanza kutoka Unguja akaja, na ambaye leo amesikia kwamba macho yake hayakumdanganya.

Kwa desturi yetu, kabla ya kufunika kaburi, hutangazwa kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze azungumze na ndugu. Leo hatutangazi hivyo, kwa sababu anayemdai tunamjua, na si haki yeye ndiye aje kutugongea mlango. Bi Rukaiya binti Talha, familia ya Msabila inasimama mbele yako na mbele ya wote waliokuita majina, tunaona aibu, na aibu hii ni yetu, wewe hukuwa na sehemu ndani yake, maana kwenye kikao kile ulisema ulichokiona. Nyota zilikuwepo. Uliziona kwa macho yako ukiwa na miaka minane, wakaziona watu wote hawa, na hazikuwa za kaka yangu hata siku moja, zilikuwa za marehemu baba yako, aliyezishusha kwa boriti mbili na kamba, akafungua kabati lake bure ili majirani waone, kisha akamwachia mpangaji wake sifa zote na hakudai kitu. Marehemu ameniagiza nikurudishie, na hii ndiyo namna pekee tuliyoweza kuipata.

Limebaki neno moja, lile la amani, ambalo msomaji husema mwishoni na watu wakaitikia, na mimi nimelisema juu ya makaburi mengi bila kufikiri. Kaka Adelard, nakutakia neno hilo kwa moyo wangu wote, lakini mimi na mjane na watoto tumeona kwamba leo si letu kulitamka. Bi Rukaiya, tutalingoja kwako, leo au mwaka wowote utakaoona inafaa, na usipoliona moyoni hatutakulaumu, tutafunika kaburi kimya, na kaka yangu atangoja pamoja nasi.